Kusikia, kusema, kusoma, kuandika: maswali yanayorudi kila wakati kwa wanaojifunza lugha Lubumbashi

Maswali haya yanaulizwa na watu wanaojifunza Kifaransa, Kiingereza au Kiswahili sanifu hapa mjini: wafanyakazi wa migodi, wamama wanaofanya biashara Kasumbalesa mpakani na Zambia, wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), wazazi, na walimu wenzangu. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukutuma kwa lingine. Anza na lile linalokuhusu.

## Kabla ya kuanza

1. Nimesoma Kifaransa miaka yote ya shule. Kwa nini mtu akinisemesha nashindwa kujibu?

Kwa sababu kazi kubwa uliyofanyishwa ni kunakili. Mwalimu anajaza ubao, darasa zima linahamishia kwenye kaye (daftari), jioni unakariri, kesho kuna intero (jaribio fupi). Mkono na jicho vilifanya kazi kila siku, sikio na mdomo vikabaki likizoni. Ndiyo maana kuna watu wanaoweza kunyambua kitenzi cha Kifaransa katika nyakati zote lakini wanakwama wakitaka kumuuliza mtu njia.

Kila stadi hukua kwa kile inachofanyishwa. Kuandika sana hakukupi sikio, na kusikiliza sana hakukupi mkono. Lakini hujapoteza miaka yako: maneno na sarufi vipo kichwani, vimeingia kwa njia ya macho tu. Kinachobaki ni kuvifungulia njia ya sikio (swali la 6) na ya mdomo (swali la 11).

2. Nianze na stadi ipi?

Angalia kwanza lugha unaitaka kwa nini. Mama anayekwenda kununua bidhaa upande wa Zambia anahitaji kusikia bei na kujibu. Barua rasmi inaweza kumngoja mwaka mzima. Fundi anayetaka kazi kwenye kampuni ya mgodi atapewa maelekezo ya usalama yaliyoandikwa kabla hata ya kuulizwa jina lake, kwa hiyo yeye aanze na kusoma.

Kama huna sababu moja iliyo wazi, anza na sikio. Mtu asiyesikia hawezi kuendesha mazungumzo hata akiwa na maneno mengi, kwa sababu mazungumzo ni kujibu ulichoambiwa.

Kuhusu kugawanya muda, napenda mgawanyo wa mtafiti Paul Nation: robo ya muda iende kwenye kusikiliza na kusoma vitu unavyovielewa, robo kwenye kusema na kuandika ili kueleza jambo, robo kwenye sarufi, maneno na matamshi, na robo ya mwisho kwenye kurudia vitu rahisi mpaka vitoke kwa wepesi. Kozi zetu nyingi za jioni zinaitumikia ile robo ya tatu pekee. Nyingine tatu itabidi uzitafute mwenyewe.

3. Itachukua muda gani?

Ngazi zinazotumiwa karibu kila mahali, A1 (mwanzo kabisa) mpaka C2 (umahiri wa juu), zilitolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Kwa Kiingereza, makadirio ya Cambridge ni saa 180 hadi 200 za masomo kufika A2, saa 350 hadi 400 kufika B1, na 500 hadi 600 kufika B2, ngazi ambayo mtu anaweza kufanya kazi ya ofisini bila kusaidiwa kila dakika.

Sasa piga hesabu. Kozi ya saa mbili, mara tatu kwa wiki, ni saa 6. Saa 500 ni zaidi ya wiki 80, yaani mwaka mmoja na nusu na zaidi. Yale matangazo ya ukutani yanayoahidi Kiingereza kamili kwa miezi mitatu yanakuuzia saa sabini na kitu. Zinafaa kwa kuanza. Asiyekuambia kwamba huo ni mwanzo tu anataka franka zako.

4. Kiswahili chetu cha hapa kinaniharibia lugha nyingine?

Hapana. Kiswahili cha Lubumbashi kina sarufi yake: *batoto*, *bintu*, *niko nasoma*, *anasomaka kila siku*. Anayekisema vizuri tayari ana kichwa kilichozoea kupanga habari, kusimulia, kubisha na kutania, na hayo yote yanahama naye kwenda lugha mpya. Ukiongeza kwamba wengi wetu tuna pia Kibemba, Kiluba, Chiluba au Kisanga, mtu wa hapa ana uzoefu wa lugha ambao watu wengi wa Ulaya hawana.

Kama lengo lako ni Kiswahili sanifu, kwa ajili ya Watanzania au kwa ajili ya kazi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, kazi yako kubwa iko kwenye upatanisho wa ngeli. Sikio lako linaelewa karibu yote. Sikiliza taarifa za Kiswahili za redio za RFI au BBC, halafu simulia upya habari moja kwa sauti ukitunza *kitabu changu*, *vitabu vyangu*, *maji haya*. Nyumbani endelea na Kiswahili cha nyumbani. Hakuna aliyekuambia uwasahihishe wazazi wako mezani.

## Kusikiliza

5. Kuacha redio ikilia siku nzima kunasaidia?

Kidogo sana. Lugha usiyoielewa ikipita nyuma ya kelele za nyumba inabaki kelele. Dakika kumi za kusikiliza kwa kazi, kama inavyoelezwa hapa chini, zinazidi hiyo siku nzima.

6. Nikisoma naelewa, nikisikia sielewi. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na sababu yake inajulikana. Ulijifunza maneno yakiwa yamesimama peke yake kwenye karatasi. Mdomoni mwa mwenye lugha yameshikana. Kifaransa kinaunganisha: *les amis* inafika sikioni kama neno moja, na *je ne sais pas* ikisemwa haraka inabaki kitu kama *chais pas*. Kiingereza kinameza: silabi moja inakazwa, nyingine zinafinywa mpaka karibu zipotee. Sisi tumezoea kila silabi itamkwe kamili, na mkazo ukae kwenye ya pili kutoka mwisho. Macho yetu yakiona *comfortable* yanahesabu silabi nne au tano, wakati Waingereza wengi wanatamka tatu.

Chukua sauti ya dakika moja au mbili, yenye maandishi yake. Mara ya kwanza isikilize bila kusoma, ukitafuta tu nani, wapi, nini. Mara ya pili andika maneno unayoyakamata. Mara ya tatu fungua maandishi na upige mstari chini ya kila neno unalolijua kwa macho lakini sikio lilipitwa. Hayo ndiyo mapengo yako halisi. Maneno mageni kabisa si tatizo la leo. Halafu cheza tena, ukisoma kwa sauti sambamba na msemaji, mpaka mdomo wako nao uanze kumeza pale anapomeza.

Kesho yake rudia sauti ileile kabla ya kuchukua mpya. Wanafunzi wengi wanakataa kurudia, wanaona aibu kama wamekalia darasa. Lakini kurudia ndipo sikio linapofunguka.

7. Nisikilize nini, na nitapata wapi?

Kwa Kifaransa, RFI ina taarifa ya habari ya dakika 10 katika Kifaransa chepesi, na maandishi yake yanawekwa mtandaoni. Usiichukue yote, kata dakika mbili. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, inatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa. Sikiliza taarifa ya Kiswahili kwanza, halafu ya Kifaransa siku hiyohiyo. Ukishajua habari inahusu nini, sikio linabaki na kazi moja tu.

Kwa Kiingereza, BBC ina vipindi vya dakika 6 kwa wanaojifunza, navyo vina maandishi.

Na kuna hazina ambayo watu wanaipita kila Jumapili. Makanisa mengi ya hapa yana mhubiri anayehubiri kwa Kifaransa au Kiingereza na mkalimani anayesimama kando yake akitoa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Unasikia lugha ya kigeni, unakisia, na baada ya sekunde chache unapewa jibu. Hakuna kozi ya mjini inayokupa zoezi kama hilo bure kwa saa mbili. (Mhubiri akikasirika kwamba unaandika maneno badala ya mistari ya Biblia, usinitaje.)

8. Filamu je?

Ndiyo, lakini maandishi ya chini yawe ya lugha ileile unayoisikia. Ukiangalia filamu ya Kiingereza yenye maandishi ya Kifaransa, umefanya zoezi la kusoma Kifaransa.

9. Sina mega za kutosha.

Pakua mahali penye mtandao wa bure au wa bei nafuu, sauti na maandishi, za wiki nzima. Kwa zoezi la swali la 6 sauti tatu za dakika mbili zinatosha wiki. Umeme ukikatika, simu yenye chaji na kaye vinatosha.

## Kusema

10. Naona haya. Nikikosea watu wananicheka.

Watacheka. Mji huu unapenda mzaha, na Kifaransa kibaya ni mzaha wa bei rahisi tangu zamani. Sitakudanganya kwamba utapata ujasiri kwanza ndipo useme. Kwa watu wengi ujasiri unakuja baada ya kusema mara nyingi.

Kinachosaidia ni kupunguza watazamaji. Anza na mtu mmoja wa kiwango chako, jambo dogo, muda mfupi. Elewaneni kwamba hakuna kukatiza: anayesikiliza anaandika makosa mawili au matatu na kuyatoa mwisho. Mtu anayekatizwa kila neno anajifunza kunyamaza. Kama ni mume, mke au yaya wako (kaka au dada mkubwa) ndiye anayekukatiza, tafuta mwenzi mwingine wa mazoezi. Na jifunze mapema sentensi za kujiokoa, zile za kuomba mtu arudie, aseme polepole, au kueleza kitu ambacho jina lake limekutoka. Anayejua kuomba msaada kwa lugha yenyewe haanguki.

11. Sina mtu wa kuzungumza naye.

Una simu. Jirekodi ukieleza jambo moja kwa dakika 4: jinsi ya kupika bukari (ugali), safari ya kwenda Likasi, ugomvi wa jana kazini. Rekodi tena kwa dakika 3, habari ileile. Halafu kwa dakika 2. Kwa sababu habari haibadiliki, akili haitafuti tena la kusema, inatafuta namna ya kulisema, na mara ya tatu maneno yanatoka yameshikana. Wawili wakikubaliana kutumiana ujumbe wa sauti wa WhatsApp kila jioni, na kila mmoja amjibu mwenzake kwa swali, hiyo tayari ni kozi.

12. Klabu za Kiingereza za mwisho wa wiki zinafaa?

Zinafaa kwa kukutana na watu. Kwa kusema, hesabu mwenyewe: watu thelathini, saa mbili, mjadala mmoja, na wasemaji ni walewale watano ambao hawahitaji klabu. Ombeni viongozi wenu wagawe nusu ya muda katika jozi kabla ya mjadala. Ukikaa miezi miwili bila kusema zaidi ya jina lako, hamia kwenye swali la 11.

13. Nibadilishe lafudhi yangu?

Lafudhi iache. Rekebisha zile sauti zinazobadilisha maana. Katika Kifaransa, wengi wetu tunatamka *u* kama *i*, kwa hiyo *tu* inakuwa *ti*. Sema *i*, kisha viringisha midomo kama unayepiga mluzi bila kusogeza ulimi. Kifaransa kina pia vokali za puani: *beau* na *bon* zisifanane. Katika Kiingereza, tofautisha vokali ya *ship* na ya *sheep*, na usiongeze vokali mwishoni mwa neno linaloishia na konsonanti.

Halafu kuna *l* na *r*, ambazo kwa watu wengi wa upande wetu zinabadilishana bila taarifa. Ukisimama kanisani kuwaalika watu wasali kwa Kiingereza, *pray* ikiwa *play* umewaalika wacheze. Dakika tano kwa siku za jozi kama *rice* na *lice*, ukijirekodi na kujisikiliza, zinatosha. Sikio lazima lisikie tofauti kabla ya ulimi kuifanya.

## Kusoma na maneno

14. Nichague kitabu gani?

Kitabu chepesi kuliko heshima yako inavyotaka. Utafiti wa kusoma katika lugha ya pili unaonyesha kwamba ili uelewe bila kusaidiwa unahitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100. Kwenye ukurasa wa maneno 300 hayo ni maneno mageni 6. Yakifika 15 bado utasukuma kwa msaada. Yakizidi hapo, umeanza kuvunja mawe.

Kwa hiyo soma vitabu vya watoto bila haya, au habari unayoijua tayari. Wengi wetu tuna sehemu za Biblia au Kurani tunazozijua kwa Kiswahili karibu neno kwa neno. Sura hiyohiyo kwa Kifaransa cha kisasa inasomeka kuliko unavyodhani. Au kaa kwenye mada moja tu kwa mwezi, tuseme mpira au bei ya shaba, kwa sababu maneno yaleyale yatarudi kila makala. Institut français pale Halle de l'Étoile ni mahali pa kuulizia vitabu vya Kifaransa.

15. Nitazame kila neno kwenye kamusi?

Neno likirudi mara tatu na bado linakuzuia, tazama. Mengine yapite.

16. Maneno nayasahau.

Kila mtu anayasahau. Hermann Ebbinghaus alipima usahaulifu wake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Dawa ni kurudia kwa vipindi vinavyorefuka: kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Kata karatasi ngumu ziwe kadi, upande mmoja sentensi yenye pengo, upande wa pili neno. Kadi uliyoipata inahamia kwenye kiboksi cha kusubiri zaidi, uliyokosa inarudi kiboksi cha kwanza. Andika sentensi, usiandike neno pekee, la sivyo unarudi kwenye tatizo la swali la 6.

17. Mtoto wangu anasoma Kifaransa kwa sauti nzuri kabisa, lakini ukimuuliza haelewi alichosoma.

Wazazi wanaleta swali hili wakiwa na wasiwasi, na wana haki. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kusoma kama kuzidisha: uwezo wa kugeuza herufi kuwa sauti, mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe ikisemwa. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtoto wako ana upande wa kwanza. Wa pili hakuwahi kupewa, kwa sababu alikutana na maneno hayo kwenye ubao kabla hajayasikia yakitumiwa na mtu.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa au za mahali zitumike kufundishia shule ya msingi. Wazazi wengi hapa mjini hawalipendi hilo: wanaona wanalipia Kifaransa, kwa nini mtoto asome Kiswahili? Lakini Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. *Ma* ni *ma* siku zote. Mtoto akishaelewa humo kwamba maandishi yanasema kitu, hajifunzi jambo hilo mara ya pili. Kifaransa kina *o*, *au* na *eau* kwa sauti moja, na herufi za mwisho zinazokaa kimya. Kuanzia huko, na lugha haijui, ni kumbebesha mizigo miwili kwa safari moja.

Nyumbani fanya hivi. Msomee au msimulie hadithi kwa Kiswahili na umuulize kwa nini mtu fulani alifanya hivyo, si jina lake nani. Mwongeze Kifaransa cha mdomo: amri za jikoni, michezo, majina ya vitu. Kisha asome kwa Kifaransa habari ambayo tayari ameisikia kwa Kiswahili. Na akimaliza ukurasa, funga kitabu, akueleze kwa Kiswahili. Akishindwa, ukurasa ulikuwa mgumu. Rudi kwenye kipimo cha swali la 14.

## Kuandika

18. Dikte bado ina maana?

Kama ni ya kuhesabu makosa na kutoa sifuri, ina maana kidogo. Igeuze. Mwalimu anasoma kifungu kifupi mara mbili kwa kasi ya kawaida, wanafunzi wanaandika maneno machache tu. Halafu wawili wawili wanakijenga upya kwa maneno yao, wakibishana juu ya wakati wa kitenzi na viunganishi. Mwisho wanalinganisha na kile cha asili. Hapo stadi zote nne zimefanya kazi, na mabishano yao yanakuonyesha wasichojua kuliko intero yoyote.

19. Nikifikiri kwa Kiswahili halafu nitafsiri, nakosea?

Kupanga mawazo kwa Kiswahili ni sawa, hasa kwa ile dissertation (insha ya hoja) ya mtihani wa taifa: amua kwanza unasema nini na kwa mpangilio gani. Usitafsiri sentensi nzima nzima tu. Ukifika kwenye sentensi, andika ile unayoiweza kwa lugha husika, hata kama ni fupi kuliko uliyoiwaza.

20. Nani anisahihishie? Naweza kutumia akili bandia ya simu?

Unaweza, ukiandika wewe kwanza. Iombe ikuonyeshe mahali penye kosa bila kukuandikia jibu, urekebishe mwenyewe, ndipo uombe maelezo. Ukiiomba iandike barua nzima, utakuwa na barua nzuri na mkono uleule. Nayo hukosea pia, hasa kwenye Kiswahili.

Mwalimu anayesahihisha asijaze wino mwekundu ukurasa mzima. Alama tatu pembeni zinatosha: moja ya kitenzi, moja ya upatanisho, moja ya neno lisilofaa, na mwanafunzi atafute. Kinachofundisha ni kuandika upya. Insha moja iliyoandikwa mara tatu inazidi insha tatu zilizorudishwa na kutupwa.

## Kwa walimu

21. Nina wanafunzi sitini na ubao mmoja. Nawafundishaje kusema?

Ukimsimamisha mmoja mmoja ajibu, katika dakika 50 kila mmoja hapati hata dakika moja. Wakisema wawili wawili, baada ya dakika tano kila mtu amesema mbili na nusu. Kelele itakuwepo, mweleze mkuu wa shule mapema.

Jozi zikae kwenye benchi lilelile, usihamishe viti. Kazi iwe na pengo la habari: mmoja anajua bei, mwingine anajua kiasi cha franka alicho nacho, wauziane nyanya kama soko la Kenya hapa mjini. Bila pengo wanasomeana tu. Wewe tembea, usikatize, andika makosa matano yanayojirudia, na uyaweke ubaoni mwisho bila kutaja nani. Zoezi la dakika 4, 3 na 2 la swali la 11 linafanya kazi hapa pia, kila mara na jirani mwingine: wa kulia, wa kushoto, wa nyuma.

Wanafunzi watarudi kwenye Kiswahili. Waache wakitumie kupanga kazi, Kifaransa kiwe cha kazi yenyewe.

## Mitihani

22. DELF na IELTS zinapimaje stadi nne?

DELF, mtihani wa Kifaransa, inatoa alama 25 kwa kila stadi, jumla 100. Unafaulu kwa 50, lakini ukipata chini ya 5 kwenye stadi yoyote umeanguka hata jumla ikiwa nzuri. Kwa hiyo yule bingwa wa sarufi asiyesikia yuko hatarini. Diploma yenyewe haiishi muda.

IELTS, mtihani wa Kiingereza, ina kusikiliza kwa dakika 30 hivi, kusoma dakika 60, kuandika dakika 60 katika kazi mbili (maneno 150 na 250), na mazungumzo ya dakika 11 hadi 14 na mtahini. Alama zinakwenda mpaka 9, na matokeo hukubaliwa kwa miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema mno. Kwenye kusikiliza sauti inachezwa mara moja tu. Jizoeze hivyo wiki za mwisho. Kabla ya hapo, kurudia kwa swali la 6 ndiko kunakujenga.

## Hali za pekee

23. Mama yangu hakusoma kabisa. Anaweza kuanza moja kwa moja na Kifaransa?

Kwa mdomo, ndiyo, hata leo. Kwa kusoma, aanze na Kiswahili, kwa sababu zilizo kwenye swali la 17. Mpe maandishi anayoyahitaji: majina ya wateja, daftari la madeni, ujumbe wa pesa kwenye simu. Mtu mzima hataki kusoma habari za paka na mpira.

24. Wazazi wangu ni watu wa Kasai. Chiluba nakielewa chote lakini najibu kwa Kiswahili.

Hali hii ni ya kawaida kabisa hapa mjini. Wewe si mwanafunzi wa mwanzo, kozi ya mwanzo itakuchosha. Una sikio kamili na mdomo ambao haukuwahi kulazimika. Chagua mtu mmoja, nyanya au mjomba, mkubaliane kwamba ninyi wawili mnasema Chiluba tu, na umwombe asikucheke mwezi wa kwanza. Anza na simulizi ambazo umezisikia mara nyingi, uzirudishe kwake.

25. Nimekulia Kitwe, Zambia, Kiingereza nakisema, Kifaransa changu ni cha barabarani. Nimepewa kazi ya kuandika ripoti kwa Kifaransa.

Ripoti zina umbo, na umbo linajifunzika haraka. Omba ripoti tano za zamani za ofisi hiyo, zipigie mstari sentensi zinazojirudia, na uziandike upya kwa mkono ukibadilisha tarehe, namba na majina. Ujuzi wako wa kupanga hoja kwa Kiingereza utakufuata. Kifaransa cha mazungumzo kitaendelea chenyewe.

26. Mtoto yuko mwaka wa tatu wa shule ya msingi na hajui kusoma hata Kiswahili.

Kabla ya kumwita mvivu, apimwe macho na masikio. Mtoto aliyekaa benchi la nyuma kati ya wenzake sitini anaweza kuwa haoni ubao, na hakuna aliyegundua. Vyote vikiwa sawa, mjaribu kwa sauti bila kitabu: *bata* ukiondoa *ba* kinabaki nini? Neno gani linaanza kama *samaki*? Akishindwa michezo hiyo, shida iko kwenye kusikia vipande vya neno, na huko ndiko mazoezi yaanzie, dakika kumi kila siku, kwa kupiga makofi kwa kila silabi, kisha silabi zenyewe kwenye vikadi. Akiipata yote lakini herufi bado zinamchanganya mwezi baada ya mwezi, kuna watoto ambao ubongo wao unahangaika na maandishi ingawa akili yao ni timamu kabisa. Ongea na mwalimu wake apewe muda zaidi na aruhusiwe kujibu kwa mdomo, na usiache kumsomea.